Cholmondeley: Ngazi Tatu za Maana katika Jina la Ukoo la Kiingereza

Makala haya yanachunguza asili ya Cholmondeley, jina adimu la ukoo nchini Uingereza. Hoja yake kuu ni kwamba maana ya jina hili haiwezi kuelezwa kwa tafsiri moja, kwa kuwa limepitia ngazi tatu za utoaji majina.

Ngazi ya kwanza ni jina la mtu. Katika Kiingereza cha Kale, Ceolmund liliundwa kwa viambajengo viwili: ceol, yaani chombo cha baharini, na mund, yaani ulinzi. Hata hivyo, kulifasiri kuwa ‘mlinzi wa chombo’ ni kupotoka. Waanglo-Saksoni waliunganisha viambajengo vya majina bila kulazimika kupata kirai chenye maana. Aghalabu kiambajengo kilirithiwa kutoka kwa mzazi au jamaa ili kudhihirisha nasaba.

Ngazi ya pili ni jina la mahali. Leah ni msitu, au ardhi iliyofyekwa msituni. Hivyo, ‘mfyeko wa Ceolmund’ likawa jina la eneo katika jimbo la Cheshire, ambalo Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kililiandika Calmundelei.

Ngazi ya tatu ni jina la ukoo. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, desturi ya wamiliki wa ardhi kujitambulisha kwa mashamba yao ilienea. Katika ngazi hii, jina halisemi lolote kuhusu chombo wala mfyeko; linamaanisha tu ‘wa Cholmondeley’.

Leo jina hili hutamkwa kwa silabi mbili. Kwa othografia ya Kiswahili lingekaribia Chamli. Wako wanaoona kwamba matamshi hayo ni mbwembwe za makabaila. Ushahidi linganishi unapinga dai hilo. Chulmleigh, mji mdogo wa Devon, una asili ileile ya Ceolmund na leah, nao hutamkwa vivyo hivyo ingawa tahajia yake ni tofauti. Mkazo ulipokaa kwenye silabi ya kwanza, silabi zilizofuata zilidhoofika na sauti zake kudondoshwa. Tahajia ya Cheshire ilihifadhi umbo ambalo ulimi uliliacha.

Afrika Mashariki ilikutana na jina hili kupitia Hugh Cholmondeley (1870–1931), Baron Delamere wa tatu na kiongozi wa walowezi nchini Kenya. Alimiliki ardhi kubwa katika Bonde la Ufa, lakini ardhi hiyo haikumpa jina jipya. Aliendelea kuitwa kwa mfyeko wa Cheshire, na cheo chake, Delamere, nacho kilitokana na mahali huko huko. Kufikia wakati huo, jina lilikuwa limekwisha kuachana na ardhi iliyolizaa na kubaki alama ya nasaba.

Kwa hiyo, mtafiti wa majina hana budi kuanza na umbo kongwe lililoandikwa, alilinganishe na majina yenye asili moja nalo, kisha abainishe ni ngazi ipi anayoizungumzia. Kinyume cha hapo, atakuwa akifasiri tahajia tu.