Mashindano ya Urembo: Nani Hufanya Kazi, Nani Huvuna?

Katika madarasa ya siasa, suala la mashindano ya urembo huzusha mabishano makali. Wapo wasemao kwamba huo ni uhuni, na dawa yake ni marufuku. Wapo wasemao kwamba ni burudani ya vijana, na Chama hakina haja ya kujishughulisha nayo. Pande zote mbili zinakosea, kwa sababu zote zinamtazama msichana aliye jukwaani na kumsahau mwenye jukwaa. Tuitazame historia.

1. Chanzo chake

Mashindano haya, kwa sura tunayoijua, yalizaliwa na biashara. Mwaka 1921 wafanyabiashara wa Atlantic City, mji wa pwani huko Marekani, walitaka watalii wasiondoke mara msimu wa kiangazi unapokwisha. Wakabuni shindano la wasichana, na hapo ndipo ilipotoka Miss America. Kwa miaka mingi wasichana weusi walizuiwa kushiriki. Ndiyo maana mwaka 1968 Miss Black America ilianzishwa katika mji huohuo. Miss World nayo ilianzishwa London mwaka 1951 na Eric Morley, mtu wa biashara ya burudani. Tangu mwanzo, basi, sura ya msichana ilikuwa chambo cha wanunuzi, na kipimo cha uzuri kiliwekwa na mwenye mtaji.

2. Mwali na mrembo

Isidhaniwe kwamba jamii zetu hazikuwa na desturi ya kumwandaa msichana na kumtoa hadharani. Kwa Wazaramo, mwali aliwekwa ndani kwa muda mrefu, akafundwa na wanawake wazima, kisha akatolewa kwa ngoma na vigelegele. Lakini siku hiyo hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho; kila mwali alikuwa amevuka. Hatusemi haya ili kuipamba jadi. Mafunzo yale yalimwandaa pia kumtumikia mume, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Ujamaa Vijijini (1967), alikiri kwamba hali ya mwanamke katika jamii ya zamani ilikuwa na kasoro. Tofauti ni hii: mwali aliandaliwa ili aingie katika jamii, mrembo huandaliwa ili awashinde wenzake.

3. Marufuku ya 1968

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Theresa Shayo alivikwa taji la Miss Tanzania. Mwaka uliofuata mashindano yakapigwa marufuku. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vingepigwa vita. Nia ilikuwa kung'oa kasumba, na hoja ilikuwa na uzito. Dawa ya kuchubua ngozi humfundisha Mwafrika kujichukia.

Lakini kada asiyejikosoa hajifunzi. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, huko Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi na kuwadhalilisha, mpaka polisi wakalazimika kuingilia kati. Hasira ilimwangukia mvaaji, haikumwangukia mwagizaji wa bidhaa. Mzigo wa kulinda utamaduni wa taifa zima ukatwishwa msichana anayesubiri basi. Hayo hayakuwa mapinduzi. Yalikuwa uonevu wa zamani uliovaa sare mpya.

4. Kurudi kwa mashindano, 1994

Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarejea. Na mwaka 1994, televisheni za binafsi zilipoanza Bara, Miss Tanzania nayo ikarudi. Soko lilikuwa limefunguliwa, na soko lilihitaji sura.

Hapo tuangalie maandalizi yenyewe. Msichana alianzia shindano la kitongoji, akapanda mkoa na kanda hadi taifa. Kambini aliamka mapema kwa mazoezi, akapunguza chakula, akajifunza kutembea kwa viatu virefu na kutabasamu huku miguu ikiuma. Alijizoeza kujibu maswali ya majaji, na alipotembelea vituo vya yatima wapiga picha walimfuata. Hayo yote ni kazi. Taji lilikuwa moja, na walioshindwa walirudi nyumbani bila taji, ingawa picha zao zilikwisha kuuza tiketi, magazeti na bidhaa za wadhamini.

Hata hivyo, tusimwone msichana huyu kuwa mwanasesere asiye na akili. Mwaka 2005 Nancy Sumari alitwaa taji la Afrika katika Miss World. Mwaka 2007 Flaviana Matata alisimama katika Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, na akaingia kumi bora. Amri ya 1968 ilitaka kulivua wigi kwa nguvu. Yeye alisimama bila nywele kwa hiari yake, mbele ya dunia. Kujitawala huanza hapo.

5. Wajibu wa kada

Kada anapokuta shindano katika eneo lake asianze kupima urefu wa nguo. Aulize: Mkataba uko wapi, na msichana ameusoma? Malipo ya muda wake kambini ni kiasi gani? Masomo yake yamelindwa? Nani anakaa na ufunguo wa vyumba vya kambi? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa. Kada ahakikishe kila mshiriki anaijua, na anajua pa kushitaki.

Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kutetea jasho la shambani na kiwandani, kisha kikaliona jasho la binti huyu kuwa mchezo. Nao ni wafanyakazi. Tuanze kwa kuwaita hivyo.