Chelezo cha Fremu za Madirisha

Barabara ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Idodi. Vijito vinavyonywesha majaruba ya mpunga ya huko humwaga maji yake Ruaha Mkuu, nao Ruaha hushuka Mtera na Kidatu hadi ukajiunga na Rufiji. Nimeufuata mkondo huo mpaka unapoishia baharini, kwa ajili ya watu wawili waliotua huko kwa dharura Januari 1917.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeifunga njia hii yote, juu hadi chini. Wakati wa Krismasi ya 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yalikuwa yakitoka Iringa kuwasukuma Wajerumani kuelekea Mahenge. Mashariki, Jenerali Smuts alikuwa akiikimbilia Rufiji, na tarehe 4 Januari mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 65, akauawa kwa risasi huko Beho Beho. Siku mbili baadaye ndege ya majini ya Waingereza iliruka kwenda kuipeleleza delta ya Rufiji. Rubani alikuwa Edwin Rowland Moon wa Southampton, na mtazamaji wake Kamanda Richard Bridgeman.

Delta hiyo ilikwisha kuzoea ndege. Tarehe 11 Julai 1915 wanahewa wawili wa Uingereza, Cull na Arnold, walikuwa angani wakielekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg. Ndege yao ikapigwa, na hata ilipokuwa ikishuka Arnold aliendelea kutuma maelekezo kwa redio. Walianguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa kwa mashua.

Moon na Bridgeman hawakuwa na mashua karibu. Injini iliwasumbua, wakatua kwenye mmoja wa mikono ya mto, kisha ikawabidi kuiharibu ndege kwa mikono yao wenyewe isije ikaangukia kwa adui. Hapo ikaanza safari ya kuitafuta bahari. Kingo zilikuwa zimezibwa na kichaka kisichopenyeka, kwa hiyo kila walipofika kwenye kijito waliogelea. Chakula chao na kinywaji chao kilikuwa nazi, basi. Tarehe 7 asubuhi waliunda chelezo kwa boriti tatu na fremu za madirisha, wakapiga kasia na kuchukuliwa na maji siku hiyo nzima na ya pili yake. Asubuhi ya tarehe 9 mkondo ukawatoa bahari kuu. Bridgeman, ambaye hakuwa mwogeleaji hodari, akafa kwa uchovu, huku Moon akihangaika kumwokoa. Jioni ilipokaribia, Moon alifika pwani peke yake, akatekwa na Wajerumani.

Kuna jambo moja ambalo naona halikupewa uzito. Tarehe 8 Januari 1917 mwezi ulikuwa mpevu. Kulikuwa hata na kupatwa kwa mwezi. Mvuvi yeyote wa Rufiji anajua maana yake: ni siku za bamvu, maji hujaa sana na kupwa sana, na yanapopwa huburuta kila kisicho na nanga. Ongeza maji ya mto yanayoshuka kutoka bara, labda na ya Idodi yakiwemo. Chelezo cha fremu za madirisha kingewezaje kushindana na hayo? Mwenyeji mwenye mtumbwi angewaambia wangoje maji yageuke. Lakini watu waliokuwa wakikwepa kutekwa hawakuweza kumwita mwenyeji yeyote.

Moon aliachiwa huru kabla mwaka haujaisha, akapewa nishani ya DSO kwa kujaribu kumwokoa mwenzake. Tarehe 29 Aprili 1920 alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, Uingereza, akazikwa kwao Southampton.

Nyamisati, gati ambapo wasafiri wa Mafia hungojea maji yajae ndipo wapande boti, pangefaa kibao cha kumbukumbu kinachosomeka kutoka barabarani. Kiwe na jina la Bridgeman, na tarehe zote nne, 6 hadi 9 Januari, na kieleze kwamba maji yalikuwa bamvu. Na chini yake watajwe wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile kutoka Iringa hadi mwambao, maana wengi wao hawakuandikwa popote.