Tanuri Kati ya Magoti

Kiswahili kiliitazama treni kikaiita garimoshi. Pikipiki hakikuitazama, kiliisikiliza. Jina lake ni mlio wa injini uliotamkwa kwa midomo ya watu, kama lilivyo tingatinga, na kama lilivyo tukutuku, jina ambalo ndugu zetu wa Kongo wanalitumia kwa chombo hichohicho. Litamke taratibu: pi-ki, pi-ki, pi-ki. Kisha nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda mjini Sumbawanga usikilize. Pikipiki za leo zinavuma, zinakoroma, nyingine zinapasuka kama bunduki, lakini hazipigi pigo mojamoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne hulipua mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Zile pikipiki nzito za Kiingereza za miaka ya 1920 na 1930, zenye silinda moja ya ujazo wa sisi 500, zikiwa zimesimama ziliweza kuzunguka polepole sana, tuseme mara 600 kwa dakika. Hiyo ni milipuko mitano kwa sekunde, na sikio la binadamu linakaribia kuihesabu. Injini ya sisi 125 inayokimbia huzunguka mara 6,000 kwa dakika. Ni milipuko 50 kwa sekunde, na hapo sikio linaacha kuhesabu, linasikia mvumo tu. Naamini, basi, kwamba neno letu limehifadhi sauti ya injini ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Ila neno hilo halisemi lolote kuhusu moto, na pikipiki kwanza ni moto. Katika nguvu yote iliyomo kwenye petroli, kama robo tu ndiyo inayofika kwenye gurudumu. Iliyobaki inatoka kama joto, sehemu kupitia mapezi ya silinda, sehemu kupitia ekzosi. Dereva amekalia tanuri dogo, amelibana kwa magoti.

Ufipa ni nchi inayojua matanuri. Uwanda huu uliosimama kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ulikuwa na wayeyushaji chuma waliojenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, mengine yakifika mita tatu. Mpaka leo baadhi yamebaki yamesimama porini kama vichuguu vilivyochongwa. Yalijazwa mkaa na mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka, na chini kabisa yakazungushiwa matundu yenye mirija ya udongo. Jambo ambalo mgeni huwa halitegemei ni kwamba hayakuwa na mivuo. Hakuna aliyekaa pale kuvuvia. Urefu wa tanuri wenyewe ulivuta hewa: joto likipanda juu, hewa mpya ikaingia kwa chini, na moto ukaendelea hivyo mchana na usiku bila mkono wa mtu. Mivuo ilikuwapo kwenye tanuri la pili, dogo, lililoitwa kintengwe, ambamo chuma kilichotoka kwenye ilungu kilisafishwa kabla ya kufuliwa. Kelele za Wafipa, za mivuo na nyundo, zilikuwa za kazi ndogo. Moto mkubwa ulinyamaza.

Robert Wise aliandika juu ya kazi hii katika miaka ya 1950, wakati ilikuwa imeshakufa au inakata roho. J.A.R. Wembah-Rashid akafuata mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachimba na kupima mabaki yake kwa jicho la akiolojia. Wote wanakutana na mchanganyiko uleule wa ufundi na mwiko: dawa zilizowekwa ndani ya tanuri, wanaume waliojitenga na wake zao hadi kazi iishe, tanuri linalotunzwa kama mwali. Ukiwa na haraka utaita ushirikina. Mimi naona watu waliojua kwamba moto ukikosewa kidogo, wiki nzima za mkaa na jasho zimepotea, na wakatafuta kila njia ya kujilinda. Hata jina la mji wao, Sumbawanga, linaelezwa kuwa ni amri: tupa uchawi.

Chuma cha bei rahisi kutoka ng'ambo kiliyaua malungu. Sisemi kwamba fundi pikipiki wa leo amerithi kazi ya wale wazee, maana hakuna mnyororo huo. Ila swali analokabiliana nalo ni lilelile: hewa kiasi gani, kwa moto gani?

Na Ufipa, swali hilo ni gumu kuliko Dar es Salaam. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 16 kuliko ya pwani. Pikipiki yenye kabureta haijui imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua, mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta, plagi inaota masizi, nguvu inapungua. Fundi mwenye akili anaubana mlango wa petroli kidogo, na injini inapona. Sasa dereva huyo anapata abiria wa kwenda Muze. Anapita Ntendo, anaanza kuteremka ukingo wa bonde, na ndani ya safari moja ameshuka karibu mita elfu moja mpaka kwenye joto la Rukwa. Kule chini hewa ni nzito zaidi, mafuta yaliyobanwa hayatoshi tena, na mchanganyiko mwepesi huunguza kwa joto kali kuliko mzito. Siku hiyo hiyo atarudi na mzigo wa mpunga, amepakia mpaka kisogoni, kwa gia ya kwanza, mwendo wa kutembea kwa miguu. Injini inayopozwa na upepo, na upepo haupo. Kama kuna mahali ambapo joto la pikipiki ni somo la kweli, ni kwenye makona yale.

Wakati wa kushuka, baadhi huzima injini. Wanaokoa petroli, na ghafla kunakuwa kimya cha kupendeza, unasikia ndege na mnyororo tu. Lakini injini ikiwa kwenye gia ndogo ilikuwa inasaidia kushika uzito. Ikizimwa na gia ikiwa huru, joto lote la mteremko linahamia kwenye breki, na breki za ngoma zikichemka hupoteza nguvu ya kushika. Kimya kile kina gharama yake.

Pikipiki haikufika Ufipa mapema. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini katika mapigano ya upande wa Kilimanjaro. Mwezi Juni mwaka huohuo Waingereza waliiteka ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, lakini vita ya upande huu wa kusini-magharibi ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Miaka 19 baadaye, Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walikamilisha safari ya London hadi Cape Town kwa Panther ya sisi 600 yenye kigari cha pembeni na trela. Waliondoka Desemba 1934 wakafika Julai 1935, wakiwa wamevuka Sahara, na injini yao ya silinda moja, yenye kupozwa na upepo tu, iliharibika kabla ya kufika Agadez. Nawataja kwa sababu watu hudhani safari ndefu za pikipiki zilianza na mashine kubwa za leo zenye rejeta. Zilianza na tanuri lilelile la wazi, na mchanga ukiingia kila mahali.

Kwenye uwanda wa Ufipa, waliozoesha masikio ya watu ni wamisionari, kisha mabwana shamba na watumishi wa miradi, kama ule wa RUDEP uliofadhiliwa na Norway katika mkoa huu mpya uliozaliwa mwaka 1974. Honda XL zilikuwapo, na Yamaha za mipigo miwili, ambazo hulipua mafuta kila mzunguko na kwa hiyo hulia kwa sauti kali nyembamba, zikiacha moshi wa bluu wa oili. Enzi hizo mlio wa pikipiki kijijini ulikuwa tangazo. Serikali inakuja, au padre anakuja.

Pikipiki ya mwananchi wa kawaida ilitengenezwa kwa sababu ya uvivu wa kubadilisha oili. Natania, lakini si sana. Wahandisi wa Honda walipochunguza jinsi pikipiki zao zilivyotumika katika nchi za Asia, walikuta watu wanapakia kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati, na sehemu za juu za injini zinakufa kwa joto na msuguano. Mwaka 1976 wakatoa CG125. Waliirudisha injini kwenye muundo wa kizamani, wenye fito za kusukuma valvu, ambao hauhitaji oili safi nyingi kule juu. Ililia kidogo zaidi, tak-tak-tak, lakini ilivumilia. Wachina wakaiga muundo huo kwa mamilioni, na kuanzia miaka ya 2000 Tanzania ikapokea Fekon, SanLG na T-Better, kisha Boxer na TVS za India zikashika soko kwa miundo yao wenyewe. Bodaboda, neno lililozaliwa na baiskeli za mpakani mwa Kenya na Uganda, likapanda mpaka Sumbawanga.

Halafu ikaja lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, ilijengwa kwa fedha za mpango wa Marekani wa MCC, ambao muda wake uliisha mwaka 2013. Lami ilibadilisha joto na kelele kwa wakati mmoja. Joto lilipungua, kwa sababu pikipiki inayokimbia inapata upepo. Kelele ikahama: katika vumbi, kwa mwendo wa kilomita 40, ulisikia injini na kokoto, ila kwenye lami, kwa kilomita 80, kinachokujaza masikio ni upepo wenyewe unaopasuka kwenye helmeti, na unaweza kufika desibeli 90. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 91 una saa mbili. Sumbawanga hadi Tunduma kwa mwendo huo ni karibu saa tatu, na Ufipa, uwanda wenye miti michache, haikosi upepo wa ubavuni.

Wasafiri wa mbali wanaopita hapa na mashine zao kubwa, kutoka Kigoma na Mpanda kwenda Zambia, huwa na vizibo vya sponji masikioni chini ya helmeti. Malalamiko yao ni mengine, kwamba feni ya rejeta inawapulizia joto mapajani wakienda polepole. Asubuhi ya Julai pale Sumbawanga hilo ni neema. Dereva wa bodaboda aliyevaa koti mbele nyuma, akiwa amekumbatia silinda kwa viganja kabla ya abiria wa kwanza, angebadilishana nao bila kufikiri. Vizibo ndivyo ambavyo havijashuka kutoka kwenye mashine zile hadi kijiweni. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyovaa yule msafiri.

Kuna kelele moja ambayo haitoki kwenye upepo wala mwinuko. Vijana wanang'oa vizuizi vya ndani ya sailensa ili pikipiki ipasue. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zipo, na kila mtu anajua jinsi zinavyotekelezwa. Hoja ya vijana ni kwamba lori litakusikia. Lakini bomba limeelekea nyuma, na lori la hatari mara nyingi liko mbele. Zaidi ya hayo, ekzosi ikifunguliwa bila kurekebisha kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inachemka zaidi. Wanalipa kelele kwa joto, na injini ndiyo mtaji wao, mara nyingi ya mkataba, inayodaiwa kila jioni.

Joto lenyewe halimwunguzi dereva sana. Linamwunguza abiria. Ekzosi ya karibu kila bodaboda iko kulia, bomba lake linapita nyuzi 200, na ngozi ya binadamu haivumilii hata sekunde moja kwenye nyuzi 70. Ndiyo maana kovu la umbo la yai liko ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. Mama anayekaa upande, miguu ikining'inia kushoto, yuko salama kwa sababu ya kitenge chake. Asiye salama ni mtoto aliyewekwa katikati kwenye mshikaki, ambaye miguu yake haifiki kwenye kikanyagio na inaning'inia usawa wa bomba. Bati la kukinga lililokuja na pikipiki lilifungwa kwa skrubu mbili au tatu, na mitikisiko ya barabara za vijijini ilishazilegeza zamani. Fundi anaweza kulirudisha kwa waya, kazi ya dakika kumi. Lisipokuwapo, inabaki sauti ya dereva anayejua kazi yake, kila anaposimama: mama, pandia kushoto, na huyo mtoto mpe mimi nimshike mbele.