Wingi wa ng'ombe si wingi wa faida kwa wafugaji wa Isebania

ISEBANIA, mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori unaotazamana na Sirari upande wa Tanzania, umo katika eneo la Wakuria, jamii ambayo tangu jadi hupima utajiri kwa idadi ya ng'ombe zizini. Ng'ombe hutolewa mahari, na huuzwa karo inapodaiwa. Hata hivyo, anayefuga kwa ajili ya maziwa hana budi kubadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa ng'ombe asiyekamwa hula vilevile.

Jambo la kwanza ni muda kati ya uzazi mmoja na mwingine. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 280. Akishika mimba kufikia siku ya 85 tangu azae, atazaa kila mwaka. Katika miaka 6 atapata ndama 6, ilhali anayezaa kila baada ya miezi 18 atapata 4 pekee. Mwenyewe hupoteza ndama 2 na misimu 2 ya maziwa mengi, kwani ng'ombe hutoa maziwa zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa.

Aghalabu hasara hiyo huanza na joto lisiloonekana. Ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Dalili kuu ni kusimama tuli anapopandwa na wenzake na kutokwa na ute mwangavu. Anayeonekana asubuhi apandishwe jioni. Anayeonekana jioni, asubuhi ya kesho yake.

Pili ni chakula, ambacho humeza sehemu kubwa ya gharama. Nepia ikatwe ikifika urefu wa mita 1 hivi, kabla haijawa ngumu. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Maji nayo yasikosekane, kwa sababu maziwa mengi ni maji.

Tatu ni afya. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huwaua ng'ombe wa kigeni na machotara kwa urahisi kuliko wa kienyeji. Kuwaogesha kwa dawa au kuwachanja ni nafuu kuliko kununua wengine. Aidha, ng'ombe mwenye mimba aachwe kukamwa siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike.

Yote haya yahitaji daftari. Humo ziandikwe tarehe za kuzaa, joto na kupandishwa, lita za kila siku na kila shilingi iliyotumika. Mwisho wa mwaka, daftari litamwonyesha mfugaji ng'ombe anayemlisha na ng'ombe anayelishwa bure. Huyo wa pili ni heri auzwe, hata kama zizi litaonekana limepungua machoni pa majirani.