Faili la anwani likikataa kuingia: historia iliyojificha kwenye koma na sifuri

Leo tuweke kando habari za programu mpya tuchimbe kidogo ya zamani. Tatizo lenyewe unalijua. Una faili la majina na anwani ulilohifadhi kutoka kompyuta ya zamani au simu ya zamani. Unafungua programu ya barua pepe, unabofya kitufe cha kuingiza anwani, programu inakuambia kazi imekamilika. Ukifungua kitabu cha anwani unakuta vituko: jina liko mahali pa barua pepe, namba ya simu imepoteza sifuri ya mbele, Gilgil imekuwa jina la mtu, na rafiki yako Mũthoni anaitwa MÅ©thoni.

Wengi hapo husema kompyuta ni mjinga, au faili limeharibika. Mara nyingi si hivyo. Faili ni zima na programu inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Kilichopo ni makubaliano ya miaka tofauti yaliyolundikwa ndani ya faili moja, na mengi yalifanywa na watu ambao hawakuwa na habari za mtu wa Bonde la Ufa anaandikaje jina lake au anapokea barua wapi.

Hapa Kariandusi mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, karibu na Ziwa Elementaita, kuna machimbo ambayo msafara wa Louis Leakey uliyatambua mwaka 1928. Mle mna shoka za mkononi za mawe, nyingine za kioo cha volkano, za zaidi ya miaka 700,000 iliyopita. Mchimbaji haokoti shoka akaenda zake. Anauliza kwanza limetoka tabaka gani, maana tabaka ndilo linalosema umri. Faili la anwani nalo lisomwe vivyo hivyo. Kila kosa lina tabaka lake, na ukilijua tabaka unajua dawa.

1. Tabaka la sanduku la posta

Kwa miaka mingi, anwani ya Mkenya haikuwa nyumba wala mtaa. Ilikuwa sanduku: S.L.P., namba, mji. Baadaye Posta ikaongeza namba ya tarakimu tano ya kila ofisi, ndiyo maana Gilgil ni 20116, Naivasha 20117 na Nakuru mjini 20100. Sanduku moja lingeweza kutumiwa na shule nzima, kanisa, au ukoo wa watu thelathini.

Sasa tazama vCard, lile faili la .vcf ambalo simu na programu nyingi hutumia kubadilishana anwani. Lilibuniwa katikati ya miaka ya 1990 na muungano ulioitwa Versit, wa kampuni nne: Apple, AT&T, IBM na Siemens. Toleo 2.1 lilitoka 1996, toleo 3.0 likaja 1998, na toleo 4.0 mwaka 2011. Ndani yake anwani ina sehemu saba zinazotenganishwa kwa nukta-mkato, na sehemu ya kwanza kabisa ni, amini usiamini, sanduku la posta! Ungedhani walitufikiria sisi.

Lakini programu nyingi hazikuwa na nafasi ya kuonyesha sehemu hiyo. Nyingine ziliitupa, nyingine ziliichanganya na mtaa. Fujo ilikuwa kubwa kiasi kwamba waraka wa toleo la 2011, RFC 6350, unashauri sehemu mbili za kwanza ziachwe tupu ili programu zielewane. Yaani nafasi pekee iliyofaa anwani ya Mkenya ndiyo iliyoshauriwa iachwe wazi.

Dawa: andika "S.L.P. 15" kwenye sehemu ya mtaa, mji mahali pa mji, 20116 mahali pa namba ya posta. Si sahihi kwa maana ya maneno, lakini itasafiri salama.

2. Tabaka la koma

Barua pepe iliingia Kenya kwa watu wengi katika miaka ya 1990. Jina la kikoa .ke lilisajiliwa 1993, Africa Online ilianzishwa na Wakenya waliokuwa masomoni Marekani, na kufikia 1995 nchi ilikuwa na muunganisho kamili wa intaneti. Programu za barua pepe zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na daftari lake. Eudora ilianza 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Pegasus Mail ilitoka New Zealand mwaka 1990. Outlook Express ilikuja pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, ikihifadhi anwani ndani ya faili la .wab. Thunderbird toleo 1.0 ilitoka Desemba 2004, na hadi toleo 78 la mwaka 2020 ilihifadhi anwani kwenye faili liitwalo abook.mab. Ukikuta moja ya mafaili hayo kwenye diski ya zamani, umeshajua tabaka lake.

Kwa kuwa madaftari hayakuelewana, watu walikimbilia CSV: maandishi matupu, mtu mmoja kila mstari, koma kati ya kila safu. Kila programu iliweza kuandika CSV. Tatizo ni kwamba kwa miongo kadhaa hakukuwa na waraka wa pamoja unaoeleza CSV ni nini hasa. RFC 4180, uliojaribu kuandika desturi hiyo, ulitoka Oktoba 2005. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na CSV yake.

Ndiyo maana "S.L.P. 15, Gilgil" inavunja mstari. Koma ya anwani inahesabiwa kuwa mpaka wa safu, na kila kitu kinachofuata kinasogea hatua moja kulia. Barua pepe inaangukia safu ya simu. Na kama faili limetoka kwa ndugu aliye Ujerumani au Ufaransa, huenda halina koma za kutenganisha kabisa. Huko koma hutumika kwenye desimali, kwa hiyo Excel yao hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na programu yako itaona kila mtu kama safu moja ndefu.

Dawa: fungua faili kwa programu ya maandishi ya kawaida, kama Notepad, kabla ya kuliingiza popote. Hesabu vitenganishi kwenye mstari wa vichwa, kisha kwenye mistari mitatu ya chini. Hesabu zikitofautiana, tafuta anwani yenye koma na uizungushie alama za nukuu pande zote mbili.

3. Tabaka la sifuri

Excel ikiona 0722 na tarakimu nyingine sita, inadhani hiyo ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Inaifuta. Ikiona 254 na tarakimu tisa inafanya vibaya zaidi: inaonyesha 2.54722E+11, na ukihifadhi CSV katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimekwenda. Sifuri unaweza kuirudisha. Tarakimu zilizomezwa na E+11 hazirudi, labda uwe na nakala ya awali.

Dawa: usifungue CSV kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel kwanza, ingiza faili kama data, na safu ya simu uiambie ni maandishi, si namba.

4. Tabaka la namba zilizobadilishwa

Hapa ndipo historia ya Kenya yenyewe imelala. Simu za mezani za Nakuru zilianza na 037, za Naivasha 0311, za Nairobi 02, za Mombasa 011. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapangwa upya: Nakuru 051, Naivasha 050, Nairobi 020, Mombasa 041. Simu za mkononi nazo hazikukaa tuli. Safaricom na KenCell zilianza kazi mwaka 2000, na namba za mwanzo za Safaricom zilizoanza na 072 ziliongezewa tarakimu zikawa 0722. Kumpigia jirani Uganda au Tanzania tulikuwa na njia zetu za mkato, 006 na 007, na wao walitufikia kwa 005. Njia hizo hazina maana yoyote kwa simu iliyo nje ya Afrika Mashariki.

Sasa chukua namba inayoanza na 011 kwenye faili lako. Inaweza kuwa simu ya mezani ya Mombasa ya kabla ya mabadiliko. Inaweza kuwa imeandikwa na shangazi aliyeko Marekani, maana kule 011 ndiyo mlango wa kupiga nje ya nchi, na nyuma yake utakuta 254. Na tangu 2019 inaweza kuwa simu ya mkononi ya Safaricom, maana ndipo namba za 0110 zilipoanza kutolewa. Tarakimu tatu zilezile, matabaka matatu. Hakuna programu itakayokuchagulia kwa usahihi. Urefu wa namba utakusaidia, na mwaka faili lilipoandikwa utakusaidia zaidi.

Dawa: kila namba iandikwe kwa +254 na tarakimu tisa zinazofuata, bila sifuri. Alama ya kujumlisha inasomeka sawasawa popote duniani. Namba za zamani usizifute kwa haraka. Ziweke kwenye sehemu ya maelezo, pamoja na mwaka.

5. Tabaka la majina

vCard ina sehemu mbili za jina. Moja inaitwa N, na inagawa jina: la ukoo kwanza, kisha la mtu, kisha mengine. Nyingine ni FN, jina zima kama linavyotamkwa. Toleo 2.1 lililazimisha N. Toleo 3.0 lilitaka zote mbili. Toleo 4.0 linalazimisha FN tu, na N ni hiari.

Mabadiliko hayo madogo yana maana kubwa kwetu. Mtu wa hapa ana majina matatu kwenye kitambulisho, na la mwisho si lazima liwe la ukoo. Mara nyingi ni la baba tu. Kwenye simu wengine wameandikwa Mama Njeri, au Fundi wa Maji Elementaita. Ukilazimisha hayo kwenye mfumo wa jina la ukoo, unapata watu wawili wa jina moja, au mtu mmoja mara tatu. Ilichukua hadi 2011 waraka kukubali kwamba jina la mtu ni lile analoitwa.

Halafu kuna herufi. ASCII ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128, zikatosha Kiingereza na, kwa bahati, Kiswahili pia. Kikuyu na Kikamba zina ĩ na ũ, na hizo hazimo hata kwenye usimbaji wa Windows-1252 uliotawala kompyuta za ofisi, ingawa é ya Kifaransa na ü ya Kijerumani zimo. UTF-8, iliyobuniwa 1992, inaandika ũ kwa baiti mbili, C5 na A9. Programu inayodhani inasoma Windows-1252 inaona Å na ©. Basi MÅ©thoni hakuharibika. Yuko mzima, ila amesomwa kwa miwani isiyo yake. Mwambie msomaji kwamba faili ni UTF-8 na atarudi. Lakini ukihifadhi upya kwa Windows-1252, ũ inageuka alama ya kuuliza au u ya kawaida, na hapo ndipo jina linapotea kweli.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, tengeneza nakala ya faili la awali na usiiguse tena. Pili, litazame kwa programu ya maandishi ujue ni tabaka gani: kitenganishi, usimbaji, toleo la vCard. Simu nyingi za Android bado huandika 2.1, na humo ũ utaikuta kama =C5=A9. Tatu, rekebisha namba na masanduku. Nne, ingiza watu watano tu kwanza. Baadhi ya matoleo ya Outlook husoma mtu wa kwanza pekee katika .vcf yenye watu wengi, na ni heri uligundue hilo kwa watano kuliko kwa mia nne. Wakiingia sawa, ingiza waliobaki.

Kwa nini tusumbuke hivi? Kwa sababu watu huhama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu wa Bonde la Ufa walifukuzwa makwao, na sanduku la posta halikuweza kuwafuata. Kilichowafuata ni namba iliyokuwa mfukoni. Mstari mmoja wa CSV uliosogea hatua moja kulia unaweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumfikia mtu fulani. Kabla hujabofya kufuta faili lililokataa kuingia, lichimbe kwanza.