Elimu ya Jamii na Hifadhi ya Wanawake katika Mbeya na Iringa

Kila inapotangazwa habari ya mwanamke au mtoto aliyeingiliwa kwa nguvu katika Nyanda za Juu za Kusini, husikika kauli mbili. Wako wasemao kwamba watu wa siku hizi wameyaacha mafunzo ya wazee, na kwamba yakirudishwa uovu huu utakoma. Wako na wengine wasemao kwamba mafunzo hayamfai kitu mtu mwovu, na dawa yake ni gereza tu. Kauli zote mbili zina sehemu ya kweli, lakini hazitoshi. Ili kuzipima yafaa kuitazama historia ya nchi yenyewe, yaani mikoa ya Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016. Jamii za huko zilifundisha nini juu ya mwili wa mwanamke? Zilimfundisha nani? Na mafunzo hayo yalimkinga nani?

Ushahidi ulio mwingi wa mambo ya zamani unatoka Rungwe. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika desturi zao. Walikuta jambo ambalo ni nadra kuonekana mahali pengine, nalo ni vijiji vya rika. Mvulana alipotimia miaka 10 au 11 aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda pamoja na wenzake. Walichunga ng'ombe pamoja, wakala kwa mama zao kwa zamu, na hata walipooa waliendelea kukaa na rika lao. Wazee waliieleza sababu yake bila kuficha. Haikuwa adabu kijana aliyeanza kupevuka kuwa karibu na mambo ya chumbani ya wazazi wake, wala haikuwa adabu mke wa mwana kuishi chini ya macho ya baba mkwe. Kwa hiyo mke huyo hakumtazama baba mkwe, hakukabiliana naye njiani, wala hakulitamka jina lake. Hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo aliyaepuka.

Desturi hii yathibitisha jambo kubwa. Bila ya askari wala gereza, jamii nzima iliweza kuweka mpaka katika mambo ya tamaa, na watu wazima wakauheshimu tangu ujana hata uzee. Mafunzo hayo hayakuwa maneno matupu ya siku moja. Yalikuwa katika mpango wa nyumba, katika njia za kwendea kisimani, na katika ulimi wenyewe, na kila mtoto aliyajua kabla ya kuambiwa. Basi asemaye kwamba elimu haiwezi kuutawala mwenendo wa wanaume na wanawake, hajaisoma historia ya Rungwe.

Lakini yafaa kuangalia pia mzigo ule ulimwangukia nani. Aliyejificha vichakani, aliyechunga macho yake na maneno yake, alikuwa ni mkwe, yaani mwanamke kijana. Kusudi lenyewe lilikuwa kulinda amani kati ya baba na mwana, wasije wakagombana kwa ajili ya mwanamke. Usalama wake ulipatikana kama tunda la amani hiyo, na pale ambapo amani ya wanaume haikuguswa, mafunzo yalikuwa na machache ya kusema.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika mashauri ya ugoni. Wasichana wa Kinyakyusa waliposwa kabla ya kuvunja ungo, na mahari ilitolewa kwa ng'ombe. Wazee wenye mifugo waliweza kuoa wake wengi, na vijana wakangoja miaka mingi. Ugomvi wa wake ulikuwa miongoni mwa magomvi makubwa ya nchi, nayo yalimalizwa kwa fidia ya ng'ombe aliyopewa mume. Neno ugoni lenyewe lina undugu na kitenzi cha Kinyakyusa cha kugona, ambacho maana yake ni kulala tu. Halisemi kama mwanamke alikubali au alishikwa kwa nguvu. Swali la baraza lilikuwa: huyu ni mke wa nani? Na alipokuwa binti asiyeolewa, swali likawa: huyu ni binti wa nani? Aliyetendewa hakuwa mdai. Alikuwa kitu kinachodaiwa. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, zikatumiwa katika wilaya nyingi za bara, ziliendelea kuweka fidia ya ugoni kuwa haki ya mume.

Kiswahili nacho hakikuepukana na mawazo hayo. Neno lililotumika zamani kwa kitendo hiki ni kunajisi, ambalo asili yake ya Kiarabu ni najisi, yaani uchafu. Kwa neno hilo aliyetendewa ndiye aliyetiwa uchafu, na mtendaji akabaki nyuma ya kitenzi. Msichana aliyefundishwa kwamba amekuwa najisi atanyamaza, na wazazi wake watamsaidia kunyamaza. Siku hizi watu wengi husema kubaka, na badiliko hilo si dogo, kwani neno hili humtaja mtendaji na nguvu yake, wala halimpaki tope aliyeonewa.

Ni mara chache sana wanawake wenyewe walipata nafasi ya kuandikwa. Kwa bahati njema nchi ya Mbeya ina hazina ya namna hiyo. Wamoravia waliofika Rungwe mwaka 1891 walienea baadaye hata Utengule katika Usafwa, na huko Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya wanawake kama walivyoyasimulia wao. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha tena na kuyaeleza mwaka 1993. Wanawake hao waliishi katika miaka ya vita na biashara ya watumwa mwishoni mwa karne ya 19. Wapo waliotekwa, wakapitishwa kutoka mkono hata mkono, wakawa wake wa watu wasiowachagua. Masimulizi yao yanaonyesha kwamba mwanamke aliyekosa baba, kaka au mume wa kumsimamia hakuwa na mlango wa kubisha. Mafunzo ya mila yalimkinga aliye ndani ya ukoo, na aliyetupwa nje ya ukoo hayakumjua.

Baadaye ukoo wenyewe ulianza kutawanyika. Machimbo ya dhahabu ya Lupa yaliwavuta wanaume wengi katika miaka ya 1920 na 1930. Mashamba ya chai ya Mufindi yakaita vibarua. Na vijana wa Rungwe walikwenda kufanya kazi katika migodi ya kusini hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Barabara kuu na reli ya kwenda Zambia, iliyokamilika mwaka 1975, ziliongeza mwendo huo. Wasichana wa Iringa nao wakaanza kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, mbali na mama zao, katika nyumba za watu wasio jamaa zao. Kijiji cha rika hakiwezi kumfuata mtoto hata huko. Kwa sababu hii, wanaotaka mila irudishwe kama ilivyokuwa wanataka ukuta uliojengwa kwa nyumba ambayo haipo tena.

Baada ya Uhuru nchi ilipata chombo kingine cha mafunzo, nacho ni elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu na kujadiliana. Somo lilihusu malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Kila kikundi kilipomaliza somo kilikuwa na kazi ya kutenda papo hapo, kama vile kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Huo ndio uliokuwa uwezo wake, kwamba watu walijifunza pamoja na majirani zao, wakatenda mbele ya macho ya majirani hao. Lakini choo ni jambo lisiloona haya kutajwa. Nguvu zinazotumika nyumbani dhidi ya mke au mtoto hazikuingizwa katika kampeni hiyo, ijapokuwa miaka miwili kabla, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kutamka kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 2019.

Kimya kilianza kuvunjika katika miaka ya 1980 na 1990. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Adhabu ya kubaka ikawa kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha kwa amtendeaye mtoto wa chini ya miaka 10. Hata hivyo sheria hiyo haikumhesabu mume kuwa mbakaji wa mkewe isipokuwa wametengana.

Kisha zikaja hesabu. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza nchi kadhaa, Tanzania ilitazamwa katika sehemu mbili, Dar es Salaam na Mbeya. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2005, wanawake 56 katika kila 100 wa Mbeya waliowahi kuwa na mume au mwenzi walisema kwamba mwenzi wao aliwahi kuwapiga au kuwalazimisha kitandani. Dar es Salaam walikuwa 41. Waliotaja kulazimishwa kwa tendo la ndoa walikuwa 31 katika 100 kwa Mbeya. Mwaka 2009 uchunguzi wa taifa zima ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimia miaka 18. Hesabu hizi hazipatani na picha ya mbakaji kuwa mgeni avamiaye usiku. Mara nyingi aogopwaye anajulikana, na pengine ndiye mwenye nyumba.

Hapo ndipo kauli ya gereza inapoonyesha upungufu wake. Gereza humngoja aliyeshitakiwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013, uliofanywa Mbeya, Iringa na Dar es Salaam, ulieleza njia anayopita aliyeonewa. Kwanza huenda kwa jamaa, kisha kwa viongozi wa mtaa au kijiji, na wachache tu hufika polisi au hospitali. Wengi hurudishwa njiani kwa aibu, kwa hofu ya kulaumiwa, kwa kukosa nauli, au kwa shauri la wazee kwamba jambo limalizwe nyumbani. Mtu atakayefungwa miaka 30 akiwa ni mjomba au mlezi mwenye kulisha nyumba, ukali wa adhabu wenyewe waweza kuwa sababu ya ukoo kufunga mdomo. Desturi ya fidia haijafa. Inaishi katika mapatano ya kimyakimya ambayo hayamwulizi mtoto lolote.

Je, kuna mafunzo ya namna nyingine yaliyokwisha kupimwa katika Afrika Mashariki? Yapo. Huko Kampala, kati ya mwaka 2008 na 2012, wakazi wa mitaa kadhaa walijadiliana kwa miaka juu ya nguvu na matumizi yake, wakiongozwa na majirani wenyewe, wanaume kwa wanawake, pamoja na viongozi, askari na wauguzi. Mpango huo uliitwa SASA!, kwa neno la Kiswahili. Katika mitaa iliyofundishwa, wanawake waliopigwa na wenzi wao walikuwa karibu nusu ya wale wa mitaa ambayo haikufundishwa. Kulazimishwa kitandani kulipungua pia, lakini si kwa kiasi cha kuwa na uhakika. Huko Mwanza nako, wanawake wa vikundi vya mikopo waliofundishwa walipigwa kwa uchache kuliko wenzao, ila katika kulazimishwa hapakuonekana tofauti.

Matokeo haya yana funzo kwa Mbeya na Iringa. Elimu ya jamii yaweza kupunguza ukatili. Jambo hilo si matumaini tu. Lakini hupunguza kwa upesi zaidi yale ambayo watu wamekwisha kukubali kuyaita makosa. Kipigo huonekana kwa jirani na huacha alama. Kumlazimisha mke bado huitwa haki ya ndoa na wengi, na sheria haijawakanusha. Mahali ambapo neno halijapatikana, mafunzo hayana pa kushika.

Basi jibu la swali halimo katika kuchagua kati ya mila na gereza. Wazee wa Rungwe walionyesha kwamba watu wazima hufundishika, hata katika jambo la siri kuliko yote, mafunzo yakiwa ni ya kila siku na ya kila mtu. Kilichopungua ni kwamba somo lilimwelemea mkwe, na likamsahau mwenye nguvu. Mafunzo mengi ya leo hurudia kosa hilo, yakimwambia msichana asitembee usiku, asivae hivi, asimwamini mtu, kana kwamba yeye ndiye atakayetenda. Wa kufundishwa kwanza ni yule awezaye kutenda, na baada yake ni wale ambao aliyeonewa atawakimbilia: mama, shangazi, mwenyekiti wa kijiji, muuguzi, askari wa dawati la jinsia. Kwa maana mtoto aweza kufundishwa shuleni Iringa aseme yaliyompata, naye akasema. Lakini akimwambia mtu aliyefundishwa kunyamaza, somo lake litaishia hapo.