Mlango wa Shule na Mzigo wa Nyumbani

Huenda umepata kumwona mwenzako akisinzia darasani, au akishindwa na hesabu aliyoiweza jana, nawe ukamwita mvivu. Kabla ya kumhukumu, yafaa uitazame historia ya shule zetu.

Kenya ilipojitawala mwaka wa 1963, viongozi walitangaza vita juu ya adui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wengi walidhani kwamba ujinga waweza kupigwa peke yake. Januari 1974 Serikali iliondoa ada katika madarasa manne ya kwanza. Watoto walimiminika, wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama 1,800,000 mwaka wa 1973, wakapita 2,700,000. Lakini vyumba havikutosha, na wazazi wakatakiwa kuchangia majengo. Pengine michango hiyo ilizidi ada iliyofutwa, na watoto wa maskini wakarudi nyumbani mmoja mmoja.

Mwaka wa 1979 michango ilifutwa, na watoto wakaanza kupewa maziwa shuleni. Mwaka uliofuata chakula cha mchana kilianza kupikwa katika shule za sehemu kame. Hapo ilikuwa imetambulikana kwamba mtoto haji shuleni na kitabu tu; huja na tumbo lake pia.

Baadaye wazazi walitwishwa tena gharama, hata ada zikafutwa upya Januari 2003. Mwaka wa 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 ambaye umaskini ulimnyima shule utotoni, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret. Alikuwa amengoja maisha yake yote.

Hata hivyo, amri huondoa ada, haiondoi wasiwasi. Mtoto aliyelala njaa, au aliyekesha akisikiliza wazazi wakigombana juu ya kodi ya nyumba, huketi darasani huku moyo wake umebaki kwao. Akili iliyojaa hofu haina nafasi ya kushika jambo jipya, ijapokuwa ni kali kama wembe.

Basi kesho ukimwona mwenzako akisinzia, muulize jana alikula nini, tena muulize faraghani. Wazee walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe uliyekwisha kusoma haya, huna udhuru wa kutomjua.